Mwaka Niliojifunza Vivumishi vya Kijerumani

Msibani kwa Mwalimu Magesa, nje kidogo ya Kisesa, baada ya wasifu wa marehemu kusomwa, msemaji wa familia alinyoosha mkono upande wetu wanawake akasema, "Tunaye hapa mwanafunzi wa marehemu wa miaka ile ya Kijerumani. Mwalimu Leokadia, hebu sema neno kidogo." Sikuwa nimejiandaa. Nilisimama kwenye mkeka, nikajifunga kitenge vizuri, nikasema Mwalimu Magesa alinifundisha vivumishi, na kwamba nilivielewa. Nikaketi. Watu walicheka kidogo, cheko lile la msibani linaloishia puani, wakidhani nimetania ili kuwaliwaza wafiwa. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akanishika goti. Mimi sikuwa natania. Katika wasifu ule mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa amesoma, kwa sauti nzuri na bila kukwama, kwamba baba yao alikuwa "mkalimani mwaminifu". Neno hilo la pili sikukubaliana nalo. Nilipakuliwa wali na nyama, nikaula nusu, nikarudi nyumbani Nyegezi. Wiki nzima nimekuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu wa Kiswahili, na kila nikifika kwenye upatanisho wa ngeli, kalamu inasimama yenyewe.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliomaliza kidato cha sita nikabaki nje. Matokeo yangu hayakuwa mabaya kiasi cha kukata tamaa wala mazuri kiasi cha kuitwa popote, kwa hiyo nilikaa Igogo kwa mama mdogo Paskazia, katika vyumba viwili vilivyobanwa kati ya mawe makubwa, nikapanda na kushuka mlima na ndoo za maji kama kazi ya kudumu. Mji ulikuwa unafunguka na kufungwa kwa wakati mmoja. Maduka yalijaa redio, mitumba na sabuni za kila rangi, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni. Huku nyuma viwanda vya serikali vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wazima waliokuwa na ofisi na makatibu ungewakuta saa nne ya asubuhi sokoni wakichagua mchicha. Mwalimu Magesa alikuwa mmoja wao. Akiwa kijana alipelekwa Ujerumani, ile ya Mashariki, akasomea mitambo ya kufuma nguo. Alirudi akawa mkubwa wa karakana kwenye kiwanda cha nguo. Kisha kile kiwanda kikasimama, na ile nchi iliyomsomesha nayo ikawa imekwisha kufutwa kwenye ramani. Alibaki na lugha yake tu. Akaamua kuifundisha.

Alitufundishia sebuleni kwake. Tulikuwa watano, wengi wetu tukiota kuongoza watalii Serengeti, maana ilisemwa Wajerumani wanakuja kwa makundi na kwamba wanapenda mtu anayewasalimia kwao. Ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa weusi wa betri mbovu, umeegemezwa kwenye kiti. Makochi yalifunikwa vitambaa vya kufuma vya mkewe, Mama Anjela, na ukikaa ilibidi ukae bila kujigeuza maana kitambaa kilikufuata. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko, na harufu ya dagaa wa kukaanga ilikuja pamoja na sarufi, hivyo hadi leo siwezi kusikia neno la Kijerumani bila kuhisi njaa. Mwalimu alivaa shati lililopigwa pasi, mikono imefungwa vifungo mpaka mwisho, hata jua la saa nane likiwa juu ya bati. Alitusahihisha kama mtu anayekaza skrubu: hapigi kelele, haachi mpaka ikaze.

Siku aliyotufundisha vivumishi naikumbuka kuliko siku ya kipaimara changu. Alisema, "Ninyi mnajua jambo hili tangu mlipoanza kuongea. Kitabu kizuri, vitabu vizuri, mtu mzuri, watu wazuri. Sifa na jina vinavaa sare moja. Wajerumani nao wana sare, ila sisi tunaivaa kichwani na wao wanaivaa mkiani." Akaandika *der alte Mann*, yule mzee. Chini yake *ein alter Mann*, mzee mmoja. Kisha *dem alten Mann*, kwa yule mzee. Mzee ni yuleyule, lakini mkia wa sifa yake umebadilika mara tatu. Tulianza kulalamika. Mama Anjela alikuwa ameleta chai, na Mwalimu akanyanyua kikombe kilichokuwa kinafuka. "*Heißer Tee*," akasema, "chai ya moto. Sikilizeni: hakuna neno lililotangulia kutuambia chai ni ya jinsia gani, ya kiume au ya kike, kwa hiyo sifa yenyewe inabeba alama, *-er*. Nikisema *der heiße Tee*, hilo *der* limekwisha kusema, sifa inapumzika. Mmoja wao lazima aseme ukweli. Wakinyamaza wote, msikilizaji anapotea." Akanywa. Nilitazama ubao nikaona jinsi mambo yale yanavyokaa mahali pake, nikasikia raha ambayo shule haikuwahi kunipa. Nilidhani mtu anayejua hivyo hawezi kudanganya. Nilikuwa na miaka ishirini.

Nikawa mwanafunzi wake wa mbele. Nilifika mapema, nikapangusa ubao, nikakaa karibu na pazia, na kwa kukaa hapo nikayasikia ambayo hayakuwa yangu. Mama Anjela alikuwa akiongea taratibu, akikoroga kitu sufuriani. "Anjela amerudishwa kwa ada, yuko nyumbani mwezi wa pili sasa. Wenzake wanapita hapo nje na sare, anajificha chooni." Mwalimu akajibu kitu ambacho sikukisikia. "Mimi sikulaumu," mkewe akasema. "Nakuambia tu. Ikifika Krismasi bado hatujakaa sawa, nachukua watoto naenda kwetu Bunda. Sirudi kuja kuangalia mtu akifundisha Kijerumani kwa watu wanaolipa kwa ndizi." Pazia likafunguka, Mwalimu akatoka na chaki mkononi, akaniona. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu." Akasema, "Marahaba," na siku ile alifundisha vibaya.

Katikati ya mwaka ndipo alipopata kazi. Kando ya ziwa kulikuwa na kiwanda cha minofu ya sangara, kimojawapo cha vile vilivyochipuka baada ya milango kufunguliwa, na wanunuzi wake wa Ulaya walimtuma Mjerumani mmoja, Uwe, aje asimamie usafi na kasi. Hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Mwalimu akaajiriwa kuwa mkalimani. Alinichukua niwe namfuata siku za Ijumaa, ili masikio yangu yazoee Mjerumani halisi, na alipomtajia Uwe jina langu alisema *meine beste Schülerin*, mwanafunzi wangu bora wa kike, akanitazama kuona kama nimeusikia ule mkia. Niliusikia. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Furaha yenyewe ilizidi kwa sababu mama mdogo Paskazia alikuwa akifanya kazi humohumo, kwenye meza za kukatia, na kila nilipopita na Mwalimu aliwagonga wenzake na kiwiko: yule ni wangu.

Nielezee ule ukumbi. Ulikuwa mrefu, sakafu imelowa siku zote, maji yakitiririka kwenda ziwani na damu nyepesi. Wanawake walisimama pande mbili za meza za mbao, gambuti miguuni, aproni za plastiki, vichwa vimefungwa vitambaa vyeupe, na visu vilipita kwenye mgongo wa samaki mara mbili tu, minofu ikaanguka huku, mfupa ukaanguka kule. Mifupa na vichwa vilitoka mlango wa nyuma, vikanunuliwa na watu wa mji kwa jina la mapanki, maana nyama ilikwenda kwa ndege na sisi tukabaki na kiunzi. Wengi wa wanawake wale walikuwa watu wazima, wameanza na kiwanda siku ya kwanza, wakati hakuna aliyejua kazi. Walioijua waliwafundisha wengine. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Bibi Modesta, mwanamke mrefu kutoka Ukerewe, aliyekuwa akiimba polepole wote wakimfuata, na visu vikafuata wimbo.

Ijumaa ninayoisema, ukumbi ulikuwa umejaa samaki mpaka chini ya meza. Lori lilikuwa nje linanguruma, likisubiri kupeleka mzigo uwanja wa ndege. Uwe aliingia na meneja, akasimama katikati, akapiga makofi. Visu vikatulia. Aligusa meza ya mbao kwa ukucha, akauangalia ule ukucha, akaufuta kwenye koti lake jeupe. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza kahawa: "*Am Montag kommen neue Tische und junge Frauen. Die alten will ich hier nicht mehr sehen.*"

Nilielewa kabla sijajua kwamba nimeelewa. Jumatatu zinakuja meza mpya na wanawake vijana. Halafu lile neno moja la asichotaka kukiona tena hapa, *die alten*. Kwa Wajerumani kitu kikuukuu na mtu mzee vinabeba sifa hiyohiyo, *alt*, na katika wingi mkia wake ni uleule kwa meza na kwa mwanamke. Neno hilo lilikuwa limewafunika wote wawili kwa shuka moja. Kiswahili hakina shuka hilo. Anayetafsiri lazima achague: aseme *zile* au aseme *wale*. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama na mikono nyuma, vifungo vimefungwa. Wanawake walikuwa wanamtazama yeye, hawamtazami Mjerumani. Ndivyo watu wanavyomtazama mkalimani.

"Jumatatu zinakuja meza mpya," Mwalimu akasema. "Zile kuukuu hataki kuziona tena hapa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Meza zile zilikuwa zimewatoboa viganja kwa vibanzi kwa miaka. Bibi Modesta akauliza, "Tuzitoe sisi wenyewe, Mwalimu?" na Mwalimu akamgeukia Uwe, akamwambia kitu kifupi, Uwe akaitikia kwa kichwa. "Mkimaliza samaki," Mwalimu akasema. Wakamaliza samaki wote, lori likaondoka limeshiba, kisha wakazibeba meza nje wakiimba, wawili wawili, mama mdogo akiwa ameshika mguu wa nyuma na kitambaa kimemdondokea shingoni, anacheka. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi mapema, zikaonekana juani. Nilimwona Uwe akiwaangalia. Sidhani alikuwa mtu katili. Alikuwa anaangalia tu jinsi kazi inavyokwenda vizuri.

Jioni, mama mdogo akichambua mlenda mlangoni, nilimwambia. Nilimwambia maneno yote, yale ya Kijerumani na yale ya Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Umesoma miezi mingapi wewe?" Nikamwambia. "Na yeye amekaa kwao miaka mingapi? Mwalimu Magesa ni mtu mzima, Leokadia. Amekula ugali hapa, amekaa kwenye kigoda hicho. Anidanganye mimi ili apate nini?" Nikasema mzungu alitaja wanawake vijana, nimesikia kwa masikio yangu. "Wataongeza watu, basi. Si kazi imekua?" Kesho yake nilikwenda kwa Bibi Modesta, naye akanisikiliza kwa heshima, akanipa karanga, akaniambia nisome kwa bidii nitakuja kuwa kama Mwalimu.

Jumatatu niliwasindikiza mama mdogo na wenzake. Lango lilikuwa limefungwa nusu, na walinzi wamesimama wapya, sijawahi kuwaona. Ndani, kwenye dirisha refu, tuliona vitambaa vyeupe vikipita: wasichana walikuwa wamekwisha kuingizwa kwa mlango wa nyuma. Mlinzi hakuuliza jina la mtu. Alitazama sura. "Wewe pita. Wewe pembeni. Wewe, mama, pembeni." Alipofika kwa mama mdogo alimtazama usoni, kisha akatazama zile mvi kwenye paji. "Pembeni." Mama mdogo akasema, "Mimi ni wa meza ya tatu." Mlinzi akasema, "Hakuna meza ya tatu." Gambuti zake alikuwa amezisugua Jumapili nzima kwa ajili ya meza mpya.

Walisimama pale nje mpaka jua likawa kali. Wengine walilia, wengine walipiga lango. Aliyesema neno ninalolisikia mpaka leo ni Bibi Modesta, na hakulisema kwa kupaza sauti. "Ijumaa tulikuwa na visu mkononi, samaki mezani na lori mlangoni," alisema. "Tungeweka visu chini, tungesikilizwa. Leo tuna nini?" Akanigeukia mimi. "Binti, ulituambia." Hiyo haikunifariji. Nilitamani nisingekuwa nimewaambia, ili niwe nimedanganywa pamoja nao.

Mchana uleule nilipanda kwa Mwalimu. Alikuwa sebuleni peke yake, ubao umeandikwa somo la kesho. Sikumsalimia, na kwetu hilo peke yake lilitosha kuwa tusi. Nikasema, "Mwalimu, alisema wanawake."

"Alisema *die alten*," akajibu bila kuinuka. "Kivumishi bila jina. Kinarudi kwenye jina lililotajwa. Yalitajwa mangapi?"

"Mawili."

"Basi. Sarufi inaruhusu yote mawili."

"Sarufi ya Kijerumani inaruhusu, Mwalimu. Ya kwetu hairuhusu. Wewe ulichagua. Na wanawake vijana uliwaacha wapi?"

Akaondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Ningesema, ingekuwa vurugu hapohapo," akasema. "Mimi ndiye ningekuwa kinywa cha ile vurugu. Wangenifukuza mimi kabla yao. Unafikiri Uwe angekosa mkalimani mwingine? Angekuchukua wewe." Mama Anjela alikuwa amesimama kwenye pazia na sinia la vikombe. Nyuma yake Anjela alikuwa amevaa sare ya shule, mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana kwenye sketi. Nilimtazama yule mtoto. Nilitoka, na sikurudi kwenye lile darasa. Wale wenzangu wanne waliendelea. Mmoja aliongoza watalii kweli.

Mwaka ule ukamalizika vibaya kwa kila mtu ninayemjua. Wanawake walikwenda kwenye ofisi moja wakaambiwa waende nyingine. Bibi Modesta akarudi Ukerewe. Mama mdogo, ambaye kisu chake kilikuwa kimechuna minofu iliyopanda ndege, akaanza kununua mapanki mlango wa nyuma wa kiwanda kilekile, akawa anayakaanga kando ya barabara ya Igogo, kwenye karai kubwa, macho yamevimba kwa moshi. Mimi nilimsaidia kupanga na kuuza, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu. Nilisahau Kijerumani kwa makusudi, neno moja moja, kama mtu anayetoa vibanzi mkononi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kujifunza.

Siku chache kabla ya Krismasi, mchana, Mwalimu Magesa alipita. Tulikuwa tumesikia kwamba Uwe amerudishwa kwao na aliyeletwa badala yake anaongea Kiingereza, kwa hiyo mkalimani haitajiki tena. Tulikuwa tumesikia pia kwamba Mama Anjela ameonekana stendi na mabegi na watoto. Shati la Mwalimu halikuwa limepigwa pasi. Alipita, akaenda hatua kadhaa, kisha akarudi, akasimama mbele ya karai akiliangalia lile panki lililokuwa linaiva, jinsi mtu mwenye njaa anavyoangalia akijitahidi asiangalie.

"Karibu Mwalimu," mama mdogo akasema. Akampangusia benchi, akamwekea kipande kikubwa chenye nyama ya shingo, na chumvi, na pilipili. Mwalimu akala. Magari yalipita, vumbi likatua kwenye samaki, mama mdogo akalipeperusha kwa mfuniko. Kisha, bila kumtazama, akiwa anageuza vipande vyake, akauliza, "Mwalimu, siku ile yule mzungu alisema nini hasa?"

Mwalimu aliacha kutafuna. Nilidhani atasema meza. Nilikuwa nimejiandaa kwa meza. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa Kiswahili. Alisema polepole, kila mkia mahali pake, na safari hii lile jina lililokosekana akaliweka: "*Die alten Frauen will ich hier nicht mehr sehen.*" Machozi yalikuwa yanamtoka, na bado aliitamka ile *-n* ya mwisho kama alivyotufundisha.

Mama mdogo akanigeukia. "Anasemaje?"

Mwalimu alikuwa ameinamia sahani. Nikatafsiri. "Anasema: wale wanawake wazee sitaki kuwaona tena hapa."

"Wazee," mama mdogo akasema. Akaweka uma mkubwa wa kugeuzia kando ya karai. Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akiangalia upande wa ziwa ambako paa la kiwanda lilikuwa linametameta. "Nilikuwa na miaka arobaini na moja."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Akachukua tena uma, akageuza kipande kilichokuwa kinaanza kuungua.

"Maliza kula, Mwalimu," akasema. "Maji hayo hapo. Na kesho usipite njia hii."